Jani Mkononi: Kwa Nini Nchi ya Chai Inahitaji Makumbusho ya Watoto

Majani mawili ya chai yanatosha kuanzisha somo la kemia. Moja lipondwe likiwa bichi hadi utomvu wake utoke. Lingine lifukizwe kwanza kwa mvuke wa maji yanayochemka, kisha nalo lipondwe. Yakiachwa kwenye sahani kwa saa moja hivi, la kwanza hugeuka rangi ya shaba na kuanza kunukia chai, la pili hubaki kijani. Kinachoyatenganisha ni kimeng'enya kilichomo ndani ya jani. Jani likipondwa, kimeng'enya hicho hukutana na polifenoli, oksijeni ya hewani huingia kati, na rangi ya chai tunayoijua huzaliwa. Joto la mvuke hukizima kimeng'enya kabla hakijaanza kazi, na hapo ndipo chai ya kijani inapopatikana. Haya hutendeka siku baada ya siku katika viwanda vya Litein, Kapkoros, Tirgaga na Mogogosiek, ambako kilo 4.5 hivi za majani mabichi hunyaushwa, husagwa, hupewa hewa na kukaushwa hadi zibaki kilo 1 ya chai. Mtoto wa Kericho au Bomet hupita kando ya kiwanda akienda shule, harufu ikimfuata hadi darasani, kisha hufungua kitabu akariri maana ya kimeng'enya kana kwamba ni habari ya nchi ya mbali.

Pengo hilo kati ya mkono na kitabu linaweza kuzibwa, na njia mojawapo iliyo bora ni makumbusho ya watoto yanayomilikiwa na jamii: nyumba ya kushika, kufungua, kupima na kuunda, ambamo sayansi na sanaa havitengwi. Wazo hili lina umri mkubwa. Makumbusho ya kwanza ya watoto duniani yalifunguliwa Brooklyn, New York, mwaka 1899. Mwaka 1969 mwanafizikia Frank Oppenheimer alifungua makumbusho ya sayansi ya Exploratorium mjini San Francisco. Kabla ya hapo alikuwa amelazimishwa kuacha kazi ya chuo kikuu kwa sababu za kisiasa, akafuga ng'ombe milimani Colorado kwa miaka kama kumi, kisha akafundisha sayansi katika shule ndogo ya kijijini, na huko alitumia vifaa vilivyokuwa karibu naye. Nchini Kenya tuna makumbusho yenye heshima: Kitale yalifungua milango kwa umma mwaka 1974, na Kisumu, yasiyo mbali na Kericho, mwaka 1980. Lakini kazi kuu ya makumbusho ya namna hiyo ni kuhifadhi, na kitu kinachohifadhiwa hakiwezi kukabidhiwa watoto mia moja kwa siku. Makumbusho ya watoto huwa na kazi nyingine. Chombo chake hutengenezwa ili kishikwe, na kikivunjika, fundi hukitengeneza tena.

Je, kushika kunafundisha kweli, au kunafurahisha tu? Ushahidi upo, nao hauegemei upande mmoja. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani, wakiongozwa na Carly Kontra na Sian Beilock, waliwapa wanafunzi magurudumu mawili ya baiskeli yaliyofungwa kwenye mhimili mmoja. Baadhi yao waliushika mhimili huku magurudumu yakizunguka, wakausikia mikononi ukipinga kila walipojaribu kuuinamisha. Wengine walitazama tu. Walioshika walifanya vizuri zaidi katika mtihani wa fizikia ya mzunguko huo, na picha za ubongo zilionyesha kwamba walipokuwa wakilifikiria swali, sehemu za ubongo zinazohusika na mwendo wa mwili nazo ziliamka. Mwili ulikuwa umeweka kumbukumbu ambayo akili iliweza kuirejea. Mwaka 2011 Elizabeth Bonawitz na wenzake walitazama watoto wadogo wakicheza na chombo chenye siri kadhaa. Watoto walioonyeshwa kwa makusudi siri moja waliishia kuirudia hiyo hiyo. Wale ambao hawakufundishwa walichezea chombo kwa muda mrefu zaidi na kugundua mengi zaidi. Mwalimu akiwahi kutoa jibu, mtoto huamini kwamba hakuna jingine la kutafuta.

Hata hivyo, anayepinga ana hoja yenye uzito. Mwaka huo huo wa 2011, Louis Alfieri na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti 164 na kukuta kwamba mtoto akiachwa agundue kila kitu peke yake hujifunza kidogo kuliko aliyefundishwa waziwazi. Aliyenufaika zaidi ni mtoto aliyegundua huku akiongozwa: akaulizwa, akaelekezwa jicho, akatakiwa aeleze alichokiona. Hoja hii haiyaangushi makumbusho, bali inaonyesha yajengwe vipi. Chumba kilichojaa vyombo bila mtu wa kuuliza swali zuri ni uwanja wa michezo tu. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuwapata waongozaji, na nchi ya chai inao: mafundi wastaafu wa viwandani wanaojua kila jino la mashine, akina mama waliochuma chai miaka mingi na kujua kwa vidole tofauti ya chipukizi na jani lililokomaa, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kabianga. Hawa wafundishwe stadi moja ngumu, nayo ni kusubiri kidogo kabla ya kutoa jibu.

Maonyesho nayo hayahitaji kuagizwa kutoka ng'ambo. Karibu na sahani ya majani ya chai, kiwekwe kibuyu cha mursik, maziwa yaliyochacha. Watu wengi viwandani wamezoea kusema kwamba chai "huchachushwa", lakini jani la chai halichachi, bali hupata oksijeni. Maziwa ndani ya kibuyu ndiyo yanayochacha, kwa kazi ya bakteria wanaogeuza sukari ya maziwa kuwa asidi, huku mkaa wa mti wa senetwet uliopakwa kwenye kuta za kibuyu ukileta rangi na harufu inayojulikana. Mtoto akichovya karatasi ya kupimia asidi katika maziwa mabichi na katika mursik, atatambua tofauti ya michakato miwili ambayo hata watu wazima huichanganya. Kando yake iwepo sufuria na kipimajoto: mjini Kericho, kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi, maji huchemka yakifika nyuzijoto 93 tu za Selsiasi, ilhali Mombasa huchemka kwenye 100. Pia kuwe na chai ya zambarau, aina ya TRFK 306 iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011 na watafiti wa chai wa Timbilil, Kericho. Ikikamuliwa ndimu, rangi yake huelekea waridi, kwa kuwa rangi za antosiani zilizomo huitikia asidi. Sayansi hiyo ilifanywa kwenye kilima ambacho mtoto anaweza kukifikia kwa matatu.

Juu ya yote kuna mvua ya mawe, ambayo wakulima wa hapa wanaijua kwa hasara. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hukutana na pepo za mashariki juu ya nyanda za Mau, hupandishwa kwa nguvu, na alasiri mawe huangukia chai. Katika miaka ya 1960 makombora yalirushwa mawinguni Kericho kujaribu kuizuia mvua hiyo. Kisha mwaka 1982 Russell Schnell na Suan Neo Tan-Schnell walichapisha dokezo la kushangaza. Tone la maji safi linaweza kubaki maji hata likiwa na baridi kali chini ya sifuri, hadi lipate chembe ya kushikilia ili ligande. Watafiti hao waligundua kwamba chembe za majani ya chai yaliyooza chini ya vichaka ni hodari kwa kazi hiyo, wakapendekeza kwamba vumbi linalotimuliwa na wachumaji huenda hupanda mawinguni na kuchangia mawe hayo. Chupa ya maji iliyopozwa taratibu kwenye friza, kisha ikagongwa na kuganda mbele ya macho, humpa mtoto wa miaka tisa ufunguo wa dokezo hilo. Hapo anafahamu kwamba huenda kuna uhusiano kati ya mguu wa mchumaji na wingu, na kwamba swali hilo bado linahitaji watu wa kulifuatilia.

Wapo watakaosema kwamba Mtaala wa Umilisi, ulioanza nchini kote mwaka 2019, tayari unadai kujifunza kwa kutenda. Ni kweli, na hilo ndilo linaloipa hoja hii nguvu. Mtaala umeagiza vitendo, lakini vifaa vingi huangukia mfuko wa mzazi, naye mwalimu mwenye darasa kubwa hubaki na kifaa kimoja au hana kabisa. Makumbusho ya jamii huweka vyombo pamoja, shule kumi au ishirini zikavitumia kwa zamu. Wengine watauliza iwapo fedha hazifai kwenda zahanati na barabara. Hakuna haja ya kushindana. Magurudumu ya baiskeli, sufuria, vibuyu, lenzi na meno ya mashine zilizochakaa ni kazi ya mafundi wa jua kali, na chumba kimoja cha ukumbi wa jamii kinatosha kuanzia. Oppenheimer na wenzake walichapisha maelekezo ya kujenga maonyesho yao ili wengine wayaige.

Kuna pingamizi zito zaidi: kumfundisha mtoto wa nchi ya chai habari za chai si kumfunga kwenye kikapu? Kwenye ardhi ambako familia za Kipsigis zilipoteza mashamba wakati wa ukoloni, na ambako watu wa ukoo wa Talai walihamishwa kwa nguvu hadi eneo la Gwassi kuanzia mwaka 1934, swali hili halifai kupuuzwa, na makumbusho yenyewe yasiifiche historia hiyo. Lakini kinachomfunga mtu ni kazi asiyoielewa, ambayo uamuzi wake hufanyika mahali pengine. Mei 2023 waandamanaji Kericho walichoma mashine za kuchumia chai kwa uchungu wa ajira zilizopotea. Uchungu huo ni wa haki, na mashine zitaendelea kuja. Mtoto aliyefungua mashine, akaona jinsi visu na injini vinavyoshirikiana, ana nafasi ya kuitengeneza, kuibuni upya, au kubishana kwa hoja juu ya nani anufaike nayo. Na aliyeelewa kwa nini jani hugeuka kahawia ameelewa pia ndizi iliyokatwa na parachichi lililoachwa wazi. Elimu hiyo itamfaa hata akiishi mbali na mashamba.

Nchi hii imewahi kuonyesha jinsi udadisi wa watoto wake unavyoweza kuzaa sanaa. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi huko Kapkatet wimbo wa wasichana wa Kipsigis uitwao Chemirocha. Santuri za mwimbaji wa Marekani, Jimmie Rodgers, zilikuwa zimefika kwa gramafoni, na jina lake likageuka kuwa Chemirocha katika ulimi wa wenyeji. Sauti ya mtu asiyeonekana ilihitaji maelezo, nao wasichana wakamwazia kiumbe nusu mtu, nusu mnyama, wakamwimbia kwa kinubi. Mwaka 2014 nakala za rekodi hizo zilirudishwa kwa jamii, na dunia ikazidi kuistaajabia sanaa ile. Ndani yake, hata hivyo, mlikuwamo swali la kisayansi lililo kamili: sauti inawezaje kutoka mahali pasipo na koo? Wasichana wale walijibu kwa walichokuwa nacho. Hawakupewa nafasi ya kufungua sanduku, kuigusa sindano ikitetemeka kwenye mfereji wa santuri, kisha kuugusa uzi wa kinubi na kutambua kwamba mtetemo ni ule ule. Makumbusho ya watoto katika nchi ya chai yaweke kinubi na gramafoni juu ya meza moja, inayofikiwa na kila mkono mdogo.