Gari Kuukuu la Biashara: Lipime Kabla Halijakupima

Ukisimama alfajiri pale Dumila, mahali ambapo barabara ya Kilosa inaachana na barabara kuu iendayo Dodoma, utaona jinsi biashara ndogo inavyotegemea magurudumu. Matenga ya nyanya na magunia ya vitunguu na mahindi yamepangwa kando ya njia, yakisubiri chombo cha kuyachukua. Mwenye gari huondoka saa aitakayo. Asiye nalo hungoja, na nyanya haijui kungoja. Si ajabu, basi, kwamba familia nyingi zikishapata akiba kidogo huanza kuwaza kununua gari, nalo aghalabu ni gari lililokwisha kutumiwa na wengine.

Magari hayo si haba. Tangu mwaka 1984, Serikali ilipowafungulia mlango watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, magari yaliyotumika yamezidi kuingia nchini. Mengi hutoka Japani, ambako usukani uko kulia kama kwetu. Lakini gari kuukuu ni kama mgeni wa kudumu: laweza kuinua nyumba, na laweza kuila. Yafaa basi tulitazame jambo hili kwa utulivu, kabla fedha haijatoka mkononi.

Anza na daftari

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla hujaenda kuliona gari lo lote, kaa na mwenzako nyumbani, mwandike ni safari ngapi mnazosafiri kwa juma, na kila safari mnalipa nauli ya mzigo kiasi gani.

Tuchukue mfano. Bei hizi ni za mfano tu. Wewe weka zako. Tuseme mama mmoja hupeleka mboga na nafaka Morogoro mara mbili kwa juma, mwendo usiofika kilomita 70 kwenda na kama huo kurudi, naye hukodi gari kwa shilingi 120,000 kila safari. Kwa majuma 50 hizo ni safari 100, yaani shilingi 12,000,000. Sasa tuseme amenunua gari lake. Mafuta yatamchukua shilingi 48,000 kwa safari, na dereva 20,000. Kwa mwaka jumla yake ni 6,800,000. Oili, matairi na matengenezo tuyawekee 2,500,000. Bima na leseni 500,000. Matumizi yote yanafika 9,800,000. Faida ya kuwa na gari lake ni shilingi 2,200,000 tu kwa mwaka. Ikiwa gari lilinunuliwa kwa 15,000,000, itachukua karibu miaka saba fedha hiyo kurudi, na gari lenyewe litakuwa limezeeka zaidi.

Lakini mama huyo huyo akisafiri mara nne kwa juma, ukodi ungefika 24,000,000. Gari lake, hata tukiongeza maradufu mafuta, dereva na matengenezo, litamgharimu 19,100,000. Hapo anaokoa 4,900,000, na fedha yake hurudi katika muda wa miaka mitatu na kidogo. Waona, msomaji, kwamba swali la kwanza halihusu uzuri wa gari hata kidogo. Linahusu idadi ya safari. Asiye na safari za kutosha heri aendelee kukodi, au aungane na wenzake wawili watatu kwa mapatano yaliyoandikwa, kila mmoja akijua siku yake na fungu lake la matengenezo.

Mzigo wako una uzito gani?

Watu hununua gari kwa macho, wakasahau mizani. Kuna vile vigari vidogo kutoka Japani ambavyo watu wetu wameviita kirikuu. Vinakula mafuta kidogo, navyo hupenya katika vichochoro vya soko. Lakini kwa sheria za huko vilikotengenezwa, kigari cha namna hiyo hakizidi urefu wa mita 3.40, injini yake haizidi sentimita za ujazo 660, na mzigo wake haupiti kilo 350. Hayo ni magunia matatu ya mahindi ya kilo mia mia na nusu ya gunia. Ukikipakia magunia manane, springi zitalala, breki zitachelewa kushika, na injini itachemka kabla hujafika.

Toyota HiAce na Nissan Caravan za mizigo ni kubwa zaidi. HiAce nyingi za namna hiyo zimeruhusiwa kubeba kilo 1,000 au 1,250. Tena mwili wake umefunikwa, mali haipigwi na mvua wala jua, na usiku mlango hufungwa kwa ufunguo. Hilo ni jambo kubwa kwa fundi seremala au fundi bomba mwenye vyombo vya thamani. Ila jihadhari na gari lililokuwa la abiria likang'olewa viti; springi zake hazikukusudiwa kubeba magunia. Na hata ukiwa na gari kubwa, usilitumie kubeba lumbesa. Mtindo huo umekatazwa, humpunja mkulima, na huvunja gari lako pia.

Fikiri vilevile juu ya njia. Kutoka Dumila kwenda Morogoro ni lami na tambarare, lakini mwenye kufuata mboga Mgeta hupanda milima ya Uluguru, ambako klachi na breki hufanya kazi ya jasho. Gari linalotosha tambarare huenda lisitoshe mlimani.

Usiuziwe mbuzi kwenye gunia

Nenda kuliona gari mchana, siku isiyo na mvua, ukiwa na fundi wako mwenyewe. Fundi aliyeletwa na muuzaji ni shahidi wa muuzaji. Mwambie muuzaji mapema asiliwashe gari kabla hujafika, maana injini iliyokwisha kupata moto huficha mengi. Ligusie kwa mkono; likiwa na joto, uliza kwa nini.

Kabla ya kuwasha, fungua rejeta ingali baridi. Maji yenye utando wa oili, au oili iliyogeuka rangi ya maziwa, ni dalili kwamba maji na oili vimekutana ndani ya injini, na tiba yake si ndogo. Kisha washa utazame moshi. Moshi wa buluu maana yake injini inakula oili. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto mara nyingi ni maji yanayoingia mahali yasipotakiwa. Moshi mweusi hutokana na mafuta yasiyoungua vema. Huenda ni chujio la hewa tu, huenda ni pampu.

Usiiamini sana saa inayohesabu kilomita, kwa kuwa hurudishwa nyuma. Tazama mpira wa pedeli ya breki, usukani na kiti cha dereva. Gari linalodai kusafiri kilomita chache huku pedeli yake imelika hadi chuma linajisemea lenyewe. Lala chini ukague fremu. Rangi mpya chini ya gari la zamani yaweza kufunika kutu au ufa uliochomelewa.

Sisi wa bonde hili tuna sababu moja zaidi ya kuwa macho. Januari 2014 mafuriko ya Mto Mkundi yaliikata barabara kuu hapo Dumila, na magari ya Dodoma na Dar es Salaam yakakwama. Gari lililowahi kuzama huoshwa, likapigwa rangi, likauzwa. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake utafute mstari wa tope, inua zulia, nusa, chungulia chini ya dashibodi uone kama nyaya na bolti zina kutu. Umeme wa gari lililozama hautakupa usingizi.

Mwisho, liendeshe likiwa na mzigo. Gari tupu hukimbia kama swala. Lipakie magunia machache, lipandishe kilima, lisimamishe ghafla mahali pa salama, uone kama linavuta upande mmoja. Na uliza madukani kama vipuri vyake hupatikana Morogoro. Gari lisilo na spea ni kibanda cha kuku.

Karatasi ni sehemu ya gari

Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zile zilizo katika kadi ya gari, herufi kwa herufi. Hakikisha kwa Mamlaka ya Mapato kwamba anayekuuzia ndiye mwenye gari, kisha andikeni mkataba na kubadilisha jina bila kuchelewa. Faini za barabarani ambazo hazijalipwa hufuata namba ya gari, kwa hiyo ziulizie kabla ya kulipa. Bima ni lazima kwa mujibu wa sheria. Na ukitaka kubeba mizigo ya watu kwa malipo, tafuta leseni ya LATRA, mamlaka iliyochukua kazi hiyo mwaka 2019 baada ya SUMATRA.

Nyumba isiwe bei ya gari

Liko jambo lililo zito kuliko injini. Baadhi ya watu huweka nyumba rehani ili wapate gari, na mwenzi wa ndoa husikia habari siku ya mnada. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Lakini hata pasipo sheria, busara yatosha kutuonya: gari hupungua thamani kila mwaka, nyumba na shamba hubaki kuwalea watoto. Kama fedha haitoshi, nunua gari dogo zaidi, au subiri msimu mmoja.

Tena usitumie akiba yote kununulia. Bakiza angalau sehemu moja katika tano kwa matairi, betri na yale ambayo macho ya fundi hayakuyaona. Gari likianza kazi, kila jioni andika kilichoingia na kilichotoka, na fungu la matengenezo liwekwe kando kabla ya kugawa faida. Wenye kufanya hivyo hawashtuki gari linapoharibika, maana fedha ya fundi ipo tayari, na karo ya watoto haiguswi.