HESABU ZA TFF ZIFIKE HATA MNGETA

Ndugu Mhariri,

Nipatie nafasi katika ukurasa wako nami niulize jambo ambalo sisi wapenzi wa mpira wa huku Mngeta, Bonde la Kilombero, tumekuwa tukilijadili tangu tuvune mpunga. Nalo ni fedha za Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF).

Enzi za FAT fedha zilitoka mlangoni. Simba na Yanga wakicheza, chama kinapumua. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2004 uliomwingiza Ndugu Leodegar Tenga, wadhamini waliongezeka, lakini hata hivyo kocha Marcio Maximo alipoletwa kutoka Brazil mwaka 2006, mshahara wake ulilipwa na Serikali. FIFA wakati huo ilitoa dola 250,000 kwa mwaka kwa kila nchi mwanachama.

Leo mambo ni mengine kabisa. Kwa kipindi cha 2023 hadi 2026, FIFA imetenga hadi dola milioni 8 kwa kila nchi mwanachama, yaani dola milioni 2 kwa mwaka. Hizo ni mara nane ya zile za zamani! Tena mwaka 2021 TFF ilitia saini na Azam mkataba wa televisheni wa miaka kumi wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Najua sehemu kubwa ni haki ya klabu za Ligi Kuu, wala sina ugomvi na hilo. Lakini fedha hizo zinaanzia kwetu pia. Jioni ya mechi kubwa tunajazana katika kibanda cha video, kila mtu na shilingi mia tano yake.

Timu yetu ya kijiji inaendeshwa kwa debe la mpunga kutoka kwa kila mchezaji. Nyavu za goli tumesukiwa na wavuvi. Hata hivyo mtunza fedha akinunua mpira mmoja Ifakara, Jumapili anasimama chini ya mwembe na stakabadhi mkononi, na wazee wanaikagua mpaka anatokwa jasho.

Simtuhumu mtu. Lakini mwaka 2017 tuliona viongozi wakuu wa TFF wa wakati huo wakifikishwa Mahakama ya Kisutu kwa mashitaka ya fedha, na tangu hapo kila mwenye redio huku ana hesabu zake mwenyewe kichwani, nyingine za ajabu.

Hesabu husomwa katika Mkutano Mkuu, mbele ya wajumbe wa mikoa na klabu. Naomba TFF ichapishe muhtasari wake magazetini kila mwaka kwa Kiswahili: kiasi gani kimeingia, kiasi gani kimekwenda kwa vijana, wanawake na vyama vya wilaya. Na wajumbe wetu wa Mkoa wa Morogoro watueleze, wakitoka mkutanoni, nakala zao huishia wapi?

Mpenzi wa Mpira,
Mngeta, Kilombero.