Je, Wajua? Pumzi Hutangulia, Kano Hufuata

Je, wajua kwamba programu maarufu ya kumtoa mtu kwenye kochi hadi kilomita 5 ilitungwa kwa ajili ya mama mtu mzima? Mwaka 1996 Mmarekani Josh Clark aliiandaa ili mama yake, mwenye umri wa miaka hamsini na ushei, aweze kuanza kukimbia bila kuumia wala kukata tamaa. Ni wiki 9, siku 3 kwa wiki, kutembea kukichanganywa na kukimbia, hadi mtu anakimbia nusu saa bila kusimama. Wapo wanaoimaliza salama. Balaa huja wiki ya 10, pale mzee wa watu anapojiona ameiva, akaingia na vijana wa jogging Jumapili alfajiri, na Jumatatu akashindwa kushuka ngazi.

Je, wajua kwamba moyo na mapafu hupata nguvu mapema kuliko kano na mifupa? Ndani ya wiki chache za mazoezi moyo unasukuma damu vizuri zaidi na mtu hahemi tena kama zamani. Kano hupata damu kidogo, kwa hiyo hujiimarisha kwa miezi, na umri ukienda kazi hiyo huchelewa zaidi. Hapo ndipo mkimbiaji mpya wa miaka 55 au 60 hudanganyika: pumzi inamwambia twende, kisigino bado. Tena kila unapokanyaga ukikimbia, mguu mmoja hupokea mara 2 hadi 3 ya uzito wa mwili wako. Mwenye kilo 80 anatua na mzigo wa kilo 160 hadi 240, hatua baada ya hatua.

Je, wajua kwamba kanuni ya kuongeza mbio kwa asilimia 10 tu kila wiki haina kinga kubwa kama inavyosifiwa? Watafiti wa Groningen, Uholanzi, waliwagawa wakimbiaji wapya zaidi ya 500 katika makundi mawili. Moja lilifuata ratiba ya wiki 13 iliyopanda taratibu kwa kanuni hiyo, jingine ratiba ya kawaida ya wiki 8. Matokeo yalipotoka mwaka 2008, makundi yote mawili yalikuwa na majeruhi takriban mmoja kati ya kila watu watano.

Jibu lililo karibu zaidi na maisha ya mkimbiaji lilikuja mwaka 2025, katika utafiti uliowafuatilia wakimbiaji zaidi ya 5,000. Hatari ilipanda pale mtu alipokimbia, kwa siku moja, umbali uliozidi kwa zaidi ya asilimia 10 mbio yake ndefu kuliko zote za siku 30 zilizopita. Kwa hiyo usihesabu wiki peke yake. Jiulize: mwezi huu mbio yangu ndefu ilikuwa kilomita ngapi? Kama ni 5, inayofuata isizidi 5 na nusu. Wenzako wakisema leo tunapiga 8, wasindikize hadi hapo na ugeuze. Kwa maoni yangu, hii ndiyo hesabu moja inayofaa kuandikwa kwenye daftari la kila mkimbiaji mpya mwenye mvi.

Je, wajua kwamba ngazi ya nyumbani kwako ni kifaa cha mazoezi? Mwaka 1998 daktari Msweden Håkan Alfredson na wenzake walichapisha zoezi la kutibu maumivu ya kano ya nyuma ya kisigino kwa wakimbiaji wa makamo. Unasimama ukingoni mwa ngazi kwa sehemu ya mbele ya mguu, mkono ukiwa ukutani. Unapanda kwa miguu yote miwili, kisha unahamishia uzito kwenye mguu wenye maumivu na kushusha kisigino polepole hadi kipite chini ya usawa wa ngazi. Mara 15, seti 3, goti likiwa limenyooka. Halafu seti nyingine 3 goti likiwa limekunjwa kidogo. Wagonjwa wake walifanya hivyo mara 2 kwa siku kwa wiki 12. Wewe usiye na maumivu, toleo jepesi la miguu yote miwili, siku 2 au 3 kwa wiki, litakusaidia kujenga vigimbi. Na vigimbi ndivyo vinavyowasumbua sana wakimbiaji waliovuka miaka 40.

Kisigino chenyewe husema asubuhi. Angalia hatua za kwanza unapotoka kitandani. Kikiwa kigumu kidogo kikalegea ndani ya dakika chache, punguza mwendo siku hiyo. Ugumu ukizidi kila siku, pumzika. Na ukipata maumivu ya sehemu moja juu ya mfupa, unayoweza kuyagusa kwa ncha ya kidole na yanayochoma ukiruka kwa mguu huo, acha kukimbia na umwone daktari, maana huenda mfupa una ufa mdogo.

Je, wajua kwamba hesabu ya kiwango cha juu kabisa cha mapigo ya moyo kwa dakika, yaani 220 ukitoa umri, huwapunja wazee? Mwaka 2001 Hirofumi Tanaka na wenzake walipendekeza 208, utoe asilimia 70 ya umri. Kwa mtu wa miaka 60, ya zamani inatoa 160, hii inatoa 166. Zote ni makadirio. Anayetumia dawa za presha za kundi la beta-bloka asitegemee hata moja, kwa sababu dawa hizo hushusha mapigo. Kipimo chake ni mdomo: ukiweza kusema sentensi nzima huku unakimbia, mwendo ni sawa. Ukikata maneno, punguza.

Je, wajua kwamba kutembea katikati ya mbio kulifundishwa na mtu aliyekimbia Olimpiki? Jeff Galloway, aliyeiwakilisha Marekani katika mita 10,000 mjini Munich mwaka 1972, alijenga jina lake kwa kuwafundisha watu wa kawaida kukimbia na kutembea kwa zamu. Ukitaka kufika kilomita 7 au 10, hiyo ndiyo njia ya heshima.

Magoti je? Chuo Kikuu cha Stanford kiliwafuatilia wakimbiaji waliovuka miaka 50 kuanzia mwaka 1984, pamoja na wenzao wasiokimbia. Baada ya miaka 19, asilimia 15 ya wakimbiaji walikuwa wamefariki, na asilimia 34 ya wasiokimbia. Picha za eksirei za baadhi yao hazikuonyesha kwamba magoti ya wakimbiaji yaliharibika zaidi.

Kiu nayo hupungua kadiri umri unavyosonga. Katika joto la Dar, Tanga au Mombasa usisubiri koo likauke. Kunywa maji kabla ya kutoka, na utoke kabla jua halijapanda.

Je, wajua kwamba Priscilla Welch wa Uingereza alianza mbio akiwa katikati ya miaka ya thelathini, baada ya kuwa mvutaji wa sigara, na akashinda New York City Marathon ya 1987 akiwa na miaka 42? Fauja Singh naye alianza mbio ndefu akiwa amevuka 80, na mwaka 2000 akakimbia London Marathon.

Je, wajua kwamba ukimaliza programu tayari umefika? Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 75 za mazoezi makali kwa wiki, au 150 za wastani. Mbio 3 za nusu saa ni dakika 90. Kinachobaki ni mazoezi ya nguvu, angalau siku 2 kwa wiki. Ukifikisha miaka 65, ongeza na ya kuimarisha mizani ya mwili.

Basi ndugu msomaji, kama umemaliza wiki ya 9 majuzi, irudie hiyohiyo mwezi mzima kabla ya kuongeza hata nusu kilomita. Pima presha na sukari. Na ukibanwa kifua, ukihisi kizunguzungu au moyo ukienda mbio bila mpangilio, simama hapohapo na uende hospitali mara moja.