Gari likikataa kuwaka: namna ya kuitunza betri na kuazima umeme bila kujidhuru

Foleni za mafuta zilizoshuhudiwa nchini Burundi katika miaka ya hivi karibuni zimewazoesha wenye magari jambo ambalo betri hailipendi hata kidogo, nalo ni kuliacha gari limesimama. Gari hukaa uani wiki mbili au tatu. Siku mafuta yanapopatikana mwenyewe hugeuza ufunguo, akasikia mlio hafifu wa kugongagonga, kisha kimya. Kinachofuata wakazi wa Buyenzi, mtaa wenye gereji nyingi jijini Bujumbura, wanakifahamu vyema: jirani anaitwa, boneti mbili zinafunguliwa, nyaya zinaletwa, na kila aliyesimama hapo ana lake la kusema. Miongoni mwa yanayosemwa, yapo yanayoweza kumpofusha mtu macho.

Tuanze na sababu ya betri kuishiwa nguvu ilhali haijatumika. Gari lililozimwa halilali kabisa. Saa, kengele ya wezi, redio na kompyuta ya injini huendelea kunywa umeme kidogo kidogo. Tuseme matumizi hayo ni miliampea 50, kiwango kisicho cha ajabu kwa gari lenye kengele iliyofungwa baadaye. Kwa siku moja hufikia ampea-saa 1.2. Betri ndogo ya ampea-saa 45, kama zilivyo nyingi kwenye magari madogo yatokayo Japani, itakuwa imepoteza nusu ya akiba yake katika siku zipatazo 19. Na hiyo ni betri mpya iliyojaa. Betri kuukuu haifiki huko.

Joto nalo lina mchango wake. Bujumbura iko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mahali penye joto kuliko nyanda za juu za nchi, na joto huharakisha kuchakaa kwa sahani za risasi zilizomo ndani ya betri na kukausha maji yake. Baridi ya asubuhi kule Bugarama haiiui betri, bali huifichua. Mafuta ya injini huwa mazito, stata huhitaji nguvu zaidi, na betri iliyoharibiwa na joto la bondeni hushindwa ikiwa mlimani. Dereva hulaumu baridi.

Foleni yenyewe ina hasara yake. Kuwasha injini ya petroli huchota zaidi ya ampea 100 kwa sekunde chache, na injini ya dizeli huchota zaidi ya hapo. Anayewasha gari ili asogee mita tano kisha akazima, na kurudia hivyo mara ishirini tangu alfajiri, huchota mara ishirini bila kurudisha kitu cha maana, kwa kuwa injini inayounguruma taratibu hairudishi umeme mwingi. Penye tambarare, kulisukuma gari kwa mikono ni bora kwa betri na kwa mafuta yaliyobaki tangini.

Ikiwa gari litakaa zaidi ya wiki mbili, dawa rahisi ni kuifungua betri. Huanza kufunguliwa ncha hasi, yaani ile yenye alama ya kutoa; wakati wa kurudisha, ncha hiyo hufungwa mwisho. Sababu ni kwamba mwili mzima wa gari umeunganishwa na ncha hasi. Spana ikiwa kwenye ncha chanya na kugusa chuma chochote cha gari wakati hasi bado imefungwa, cheche hutoka papo hapo na spana huweza kuwa nyekundu kwa moto. Baadhi ya redio huomba namba ya siri baada ya umeme kukatwa. Ni vyema kuitafuta namba hiyo kwanza.

Hali ya betri hupimwa kwa mita ya umeme, kifaa ambacho fundi yeyote anacho. Gari likiwa limepumzika saa kadhaa, betri iliyojaa husoma takriban volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikishuka chini ya 12 iko karibu kuisha, na ikiachwa hivyo kwa wiki nyingi, chembechembe ngumu nyeupe hujijenga juu ya sahani na kuizuia isichajike tena kikamilifu. Ndiyo maana betri iliyozima mara moja na kuchajiwa siku hiyo hiyo huweza kupona, ilhali iliyosahauliwa miezi miwili mara nyingi haiponi.

Betri zenye vifuniko vya kufungua huhitaji kutazamwa maji yake. Hapa kuna kosa linalorudiwa mno. Kinachopungua kwa joto na kwa kuchaji ni maji. Asidi hubaki ndani. Kwa hiyo hurudishwa maji yaliyosafishwa ya betri, yasiyo na chumvi wala asidi, kiasi cha kufunika sahani tu. Kuongeza asidi kila mara, eti ili betri “iwe kali”, huzila sahani. Maji ya bomba au ya ziwani yana madini yanayoiharibu. Na anayetazama usiku amulike kwa tochi au simu, kamwe si kwa kiberiti. Uchafu mweupe au wa kijani unaoota kwenye ncha huoshwa kwa maji vuguvugu yenye magadi, vifuniko vikiwa vimefungwa, kisha ncha hukaushwa, hukazwa na kupakwa grisi. Mara nyingi gari “lisilo na betri” lina ncha iliyolegea tu.

Kuazima umeme wa jirani

Betri inapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hewa ikiwa na haidrojeni kuanzia asilimia 4 hadi 75, cheche moja inatosha kuilipua. Mlipuko huo huvunja ganda la plastiki na kurusha asidi usoni mwa aliyeinama juu yake. Hatari hiyo ndiyo inayoeleza utaratibu wote wa nyaya, hasa hatua ya mwisho, ambayo ndiyo hurukwa.

Kwanza hutazamwa betri iliyokufa. Ikiwa imepasuka, imevimba au inavuja, kazi iishie hapo. Magari yasogezwe karibu bila kugusana, yazimwe, breki ya mkono ivutwe, taa na redio zizimwe. Pete na saa za chuma zivuliwe. Kibano chekundu kimoja hufungwa kwenye ncha chanya ya betri iliyokufa, na kingine chekundu kwenye ncha chanya ya betri nzima. Kisha kibano cheusi hufungwa kwenye ncha hasi ya betri nzima. Kile cheusi cha mwisho hakipelekwi kwenye betri iliyokufa. Hufungwa kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri, mabomba ya mafuta, mikanda na feni. Cheche ndogo hutokea mzunguko wa umeme unapokamilika. Ni heri itokee huko kuliko juu ya gesi.

Gari zima huwashwa na kuachwa dakika chache, kisha gari lililokufa hujaribiwa kwa sekunde zisizozidi kumi, na kupumzishwa dakika moja kabla ya jaribio jingine. Likiwaka, vibano hutolewa kwa kurudi nyuma: cheusi cha kwenye injini kwanza, chekundu cha betri iliyokuwa imekufa mwisho. Baadhi ya watengenezaji wa magari wana maelekezo yao, hasa kwa magari ya haibridi na yale ambayo betri imewekwa nyuma. Kitabu cha gari kikiwepo, ndicho kifuatwe.

Ile desturi ya kugusanisha vibano viwili ili kuona kama “umeme upo” inastahili kuachwa leo. Haipimi chochote, na cheche yake ni ile ile tunayoikwepa.

Kosa jingine kubwa ni kuliomba msaada lori. Malori mengi yanayopanda barabara ya Bujumbura kwenda nyanda za juu hutumia volti 24 kutoka kwa betri mbili zilizounganishwa. Umeme huo ukiingia kwenye gari dogo la volti 12 huunguza kompyuta yake na huweza kuilipua betri. Dereva wa lori anaweza kusaidia kwa kuvuta, si kwa nyaya. Kusukuma hadi gari liwake nako hufaa kwa gari la gia za mkono pekee. La otomatiki haliwaki kwa kusukumwa.

Gari likishawaka lisizimwe mara moja. Mwendo wa nusu saa husaidia, ingawa hauijazi betri iliyokauka. Chaja ya gereji kwa saa nyingi ndiyo hufanya hivyo. Injini ikiwa inafanya kazi, mita ikionyesha kati ya volti 13.8 na 14.4 kwenye ncha za betri, alteneta kwa kawaida inachaji ipasavyo. Ikionyesha 12 na kushuka, kununua betri mpya ni kutupa pesa. Wapo mafundi wanaoipima alteneta kwa kuichomoa betri injini ikiunguruma. Kwa magari ya zamani ilivumilika. Kwa ya sasa, huunguza vifaa vya thamani kuliko betri yenyewe.

Asidi ikimwingia mtu jichoni, kinachookoa ni maji safi na muda. Jicho lifunuliwe na kumwagiwa maji mfululizo kwa dakika zisizopungua 20, bila kulisugua, kisha mgonjwa apelekwe hospitali. Kumkimbiza hospitali kabla ya kumwosha ni kuipa asidi nafasi ya kufanya kazi njiani. Dumu la maji likae karibu kabla nyaya hazijafungwa.

Betri iliyokwisha kabisa bado ni sumu. Huko Mombasa, wakazi wa Owino Uhuru walioishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu waliathiriwa na risasi, na mwaka 2020 mahakama ya Kenya iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Isivunjwe uani, asidi yake isimwagwe mferejini, watoto wasiichezee. Iwekwe wima, na siku ya kununua mpya muuzaji aulizwe kama anapokea ya zamani, kwa kuwa risasi yake bado ina bei.