Upasuaji wa mfereji wa machozi: Jitunze vipi nyumbani?

Kwa kawaida machozi huingia katika vitundu vidogo vilivyo kwenye kope, karibu na pua, yakapita katika kifuko cha machozi na kushukia puani. Mfereji huo ukiziba, jicho hutiririka muda wote na mara nyingine hutoa usaha. Hapo daktari huweza kufungua njia mpya katika mfupa mwembamba ulio baina ya kifuko hicho na pua. Upasuaji huu ulielezwa na tabibu wa Italia, Addeo Toti, mwaka 1904.

Ndugu msomaji, ingawa kilichosumbua ni jicho, kidonda kikubwa kimo ndani ya pua. Wengi hulinda jicho wakaisahau pua.

Siku za mwanzo
Lala kichwa kikiwa juu ya mito miwili au mitatu. Chai, uji na supu viache vipoe kwanza, kwani joto huchochea damu kutoka. Usipenge kamasi kwa muda wa wiki mbili hivi. Upepo unaweza kupenya chini ya ngozi na jicho likavimba. Chafya ikija, fungua mdomo. Usinyanyue ndoo ya maji wala mzigo. Epuka ugoro, sigara, moshi wa kuni na wanja. Usimeze aspirini bila idhini ya daktari.

Udhu na Swala
Anayetawadha kwa kila Swala hupandisha maji puani na kuyapenga mara 3, yaani mara 15 kwa siku. Hapo ndipo kidonda hutoneshwa. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi pwani yetu, jambo hilo ni sunna, hivyo kuliacha kwa sababu ya maradhi hakuharibu udhu. Ama kuosha uso ni fardhi. Ikiwa daktari amekataza maji yasifike kwenye mshono, muulize sheikh namna ya kutayamamu. Na aliyekatazwa kuinama anaruhusiwa kuashiria rukuu na sijda kwa kichwa.

Mrija
Mara nyingi huwekwa mrija laini ili njia mpya isizibe, nao hukaa kwa wiki kadhaa au miezi. Machozi yakiendelea kipindi hicho, usikate tamaa. Usifikiche jicho. Mrija ukichomoza, usiuvute wala kuukata. Ubandike kwa plasta kando ya pua, kisha nenda hospitali.

Dalili za hatari
Matone machache ya damu puani ni ya kawaida. Yakizidi, kaa, inama mbele kidogo na ubane sehemu laini ya pua kwa dakika 15. Damu isipokoma, au ukiona usaha, homa, maumivu yanayoongezeka au uoni kupungua, wahi hospitali siku hiyo hiyo.

Tumia dawa za matone hadi ziishe kama ulivyoelekezwa, na usikose tarehe ya kurudi kliniki hata ukijiona umepona.