Kutoka Oslo mpaka Tromsø

Watoto, Oslo ni mji mkuu wa nchi ya Norwe. Tromsø ni mji wa kaskazini sana, kupita Duara ya Arktiki. Huko, tangu mwisho wa Novemba hata katikati ya Januari, jua halichomozi.

Ndege hupita juu moja kwa moja: mwendo wake ni kilometa 1,100 hivi. Motokari haiwezi. Barabara huzunguka milima na mikono ya bahari, hata inapita kilometa 1,600.

Sasa tufanye hesabu. Ndege kubwa huenda kilometa 800 kwa saa. Tugawanye 1,100 kwa 800: tunapata saa 1 na dakika 22 na nusu. Lakini safari yenyewe ni karibu saa 2. Kwa nini? Kwa sababu ndege hutembea kwanza chini polepole, hupanda, tena hupunguza mbio ili kushuka. Anayesahau dakika hizo atamngojea mgeni wake bure katika baridi.

Basi, ukiulizwa, "Ni mbali gani?", uliza kwanza, "Kwa njia gani?"

Maulizo: Kwa nini barabara ni ndefu kuliko njia ya ndege?