Taka za Madukani Ruaruke Zaenda Wapi?

Hakuna mwenye duka wa Pwani asiyejua kufagia mlangoni pake. Kabla jua halijapanda ufagio umekwisha pita, maji yamenyunyizwa kutuliza vumbi, na bidhaa zimepangwa. Kwa hilo twawasifu. Bali lipo swali moja ambalo halipendwi kuulizwa, nasi twaliuliza leo kwa ndugu zetu wa Ruaruke na wa vijiji vyote vya Wilaya ya Kibiti vyenye safu ya maduka na magenge: kilichofagiliwa chaenda wapi?

Mara nyingi chaenda nyuma ya duka, au kwa jirani, au mtaroni. Huo si usafi, ni uhamisho wa uchafu. Na katika nchi ya delta, mtaro hauishi pale unapoishia macho. Mvua ikinyesha, maji huchukua kila kitu mpaka visimani na mabondeni yalimwamo mpunga, na mwisho wa safari ni mikoko, ambayo ndiyo nyumba ya kamba na samaki tunaowauza na kuwala.

Wazee wetu hawahitaji kukumbushwa mwaka 1977. Mwishoni mwa mwaka ule kipindupindu kilipamba moto katika delta ya Rufiji, kisha kikaenea katika mikoa mingine ya nchi yetu. Maradhi hayo hayaletwi na upepo wala na uchawi. Hupita katika maji na katika chakula kilichoguswa na kinyesi, na inzi wa jalala ni mchukuzi wake hodari. Mwaka 2015, mwezi Agosti, yalirudi kwa nguvu yakianzia Dar es Salaam, na kabla mwaka 2016 haujaisha watu zaidi ya 20,000 walikuwa wameugua. Mama ntilie mwenye sufuria safi, ambaye nyuma ya banda lake pana lundo la matumbo ya samaki, yuko hatarini pamoja na wateja wake wote.

Wako wasemao kwamba zamani hapakuwa na haya. Ni kweli, na sababu yake yaeleweka. Zamani watu wa Rufiji wengi walikaa mbalimbali bondeni, kila mtu shambani kwake, na taka zao zilikuwa maganda ya mihogo na vifuu vya nazi, vitu vinavyooza na kuwa mbolea. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968 Serikali iliwahamishia wengi katika vijiji vya nyanda za juu. Kijiji kikazaa duka, duka likazaa mnada, na mnada ukaleta plastiki. Marufuku ya mifuko ya rambo, iliyoanza tarehe 1 Juni, 2019, ilipunguza balaa hilo, lakini chupa za maji na vifungashio vidogo vidogo vingali vinazagaa. Ganda la muhogo humaliza mwezi; chupa humzika aliyeitupa.

Mfanyabiashara hujibu: “Sisi twalipa ushuru, taka ni kazi ya Halmashauri.” Hatuwezi kusema kwamba jibu hili halina haki ndani yake. Anayetoa ushuru wa genge ana haki ya kuona sehemu ya fedha ile ikirudi kwa sura ya toroli, koleo na shimo, na mkutano wa kijiji ndio mahali pa kuuliza hesabu bila woga. Lakini gari la taka la mjini halitafika kila kijiji, na anayelingoja atalingoja akiwa amezungukwa na inzi. Tena Serikali ya Kijiji ina uwezo, kwa sheria ya mwaka 1982, wa kujitungia sheria ndogo. Kwa nini uwezo huo ulale kabatini?

Twakumbuka tarehe 9 Desemba, 2015, Rais Magufuli alipofuta sherehe za Uhuru, akashika ufagio karibu na soko la samaki la Feri, Dar es Salaam. Baadaye Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikawa siku ya usafi. Lilikuwa jambo jema, ila tuseme kweli: ziko sehemu ambazo siku hiyo imegeuka kuwa siku ya kufunga duka mpaka saa nne na kukaa barazani. Twaona somo kubwa zaidi katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu. Na kila kikundi kilikuwa na kazi ya kuonekana kwa macho, kama vile kuchimba choo. Choo ama kipo ama hakipo. Hakuna hotuba iwezayo kukificha.

Basi wenye maduka wa Ruaruke, pamoja na mama ntilie, mafundi, wauza samaki na vijana wa bodaboda (nao hutupa chupa!), waitane chini ya mwenyekiti wa kijiji, na bwana afya awepo. Wachague mahali pa juu, pasipofikiwa na maji ya mafuriko, umbali usiopungua mita 30 kutoka kisima chochote. Matumbo ya samaki yafukiwe siku ile ile. Chupa zitengwe, maana wako wanunuzi wake. Zamu ya kupeleka taka iandikwe kwa majina na kubandikwa ukutani, jina la mwenyekiti likiwamo, tena likiwa la kwanza. Wanachama wa Chama wasingoje kuitwa.

Masika huanza mwezi Machi. Shimo lichimbwe wakati wa kiangazi, maana lichimbwalo ardhi ikiwa imelowa hujaa maji kabla halijaona taka.